Pakacha Lisilo Langu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Ibra, Sharqiyah
Jumamosi, tarehe 20 Oktoba 1984, saa tatu asubuhi
Kuhusu: Kuuawa kwa Zuhair bin Harub, mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi

Jina: Sleyum bin Thuwaini
Umri: Miaka 67
Kazi: Mwalimu mstaafu, sasa nasomesha watu wazima kusoma na kuandika
Makazi: Ibra, mtaa wa chini, nyumba ya pili kutoka kwenye mfereji wa falaji
Alikozaliwa: Unguja mjini

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nimeomba yaandikwe kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiarabu changu ni cha vitabuni na jambo hili ni la jikoni. Sajini Hamdani, aliyezaliwa Unguja kama mimi, amekubali. Saa ninazotaja ni za Kiswahili. Za ofisi ameziandika pembeni.

Maelezo niliyotoa hapa tarehe 15 Septemba hayakuwa ya kweli katika sehemu moja. Nilisema kwamba siku aliyouawa Zuhair niliondoka kwenye tanuri saa tatu asubuhi na sikumwona Ghanim bin Marzouq. Nilimwona. Nimeonywa kuwa naweza kushitakiwa kwa kusema uongo, nami nimeelewa. Najua pia kwamba kesi ya Ghanim imepangwa kusikilizwa tarehe 29 mwezi huu, na kwamba akipatikana na hatia hatarudi nyumbani.

Zuhair alikuwa kijana wa Sur, miaka 23. Ghanim ni kijana wa mtaani kwetu, miaka 22. Walisoma chuo kikuu kimoja ng'ambo. Mwezi wa Mei mwaka huu wanafunzi wenzao wa Kiomani walifanya uchaguzi wa umoja wao. Wote wawili waligombea uenyekiti, na Zuhair alishinda kwa kura saba. Nimeambiwa kuwa upande wa mashitaka unasema Ghanim alimuua kwa uchungu wa kura hizo, na kwamba kabla ya hapo alimtishia mbele ya watu. Nilikuwapo alipomtishia. Naanzia hapo.

Mnamo Alkhamisi tarehe 6 Septemba, siku ya kwanza ya Eid el-Hajj, saa kumi jioni, nilipeleka nyama yangu kwenye tanuri la shuwa, nyama ya Eid inayookwa shimoni. Mtaa mzima tunatumia tanuri moja, nalo ni shimo refu kuliko mtu, limejengwa kwa mawe ndani. Kila nyumba huifunga nyama yake kwa majani ya mgomba, huitia kwenye pakacha la makuti ya mtende, na huning'iniza alama ya chuma ili ilijue lake litakapotolewa. Huyu hufunga msumari, yule kijiko, mwingine kipande cha mnyororo. Mapakacha yote hushushwa juu ya makaa, shimo hufunikwa na kukandikwa udongo, na halifunguliwi hadi siku ya tatu.

Miaka kumi na miwili nimekaa Ibra nikila shuwa ya majirani. Mwaka huu ndio wa kwanza kuchinja mbuzi wetu na kumtia shimoni. Mke wangu Mahfoudha alimpaka karafuu, ndimu, tangawizi na vitu vingine ambavyo hata mimi hanambii. Mimi kazi yangu ilikuwa alama. Nilikata kipande cha boksi la majani ya chai, nikaandika jina langu kwa wino mweusi, khati ya naskhi, nikakishona kwa uzi. Nilitumia nusu saa. Nilikipenda.

Tanurini nilimkuta Ghanim, na Zuhair ambaye alikuwa mgeni wake kwa Eid. Wote wawili walikuwa wamejifunga shuka kiunoni, wanawashushia wazee mapakacha. Zuhair alilipokea langu akalitazama.

"Shikamoo Maalim. Hii nini?"

"Marahaba. Jina langu."

"Mashaallah, khati kama ya msahafu. Lakini moto haujui kusoma, Maalim."

Nilimjibu kwamba shimoni hamna ndimi za moto, mna joto tu. Watu walicheka. Ghanim akaniingilia:

"Mwache mzee wa watu, yakhe! Huyu kafundisha wagumu wangapi kusoma? Atashindwa na makaa?"

"Wewe katibu nyamaza, ushike upande wako," alisema Zuhair. Maana baada ya kushinda, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumteua Ghanim kuwa katibu wake.

"Cheka, cheka! Mwakani n'takung'oa kwenye kiti hicho, hata kiatu utakisahau."

"Wallahi ning'oe leo! Zipo barua arubaini hazijajibiwa. Zichukue pamoja na kiti."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, nikiwa hatua tatu kutoka walipokuwa. Hicho ndicho kitisho chenyewe. Kilisemwa na vijana wawili walioshika pakacha moja, huku mmoja akishindwa kulishusha kwa kicheko, na Mzee Mahrous, mwangalizi wa tanuri, akiwafokea wasije wakaanguka nalo.

Ijumaa tarehe 7, saa mbili asubuhi, Zuhair alipita kwangu kabla ya kupanda gari kwenda Sur kwa mama yake. Alinirudishia kitabu cha sarufi nilichomwazima na akaazima kingine. Alikunywa kahawa vikombe vitatu, akamwambia mke wangu amwekee ubavu, kwani angerudi Jumapili. Sikumwona tena.

Mnamo Jumamosi tarehe 8 Septemba, saa mbili asubuhi, tanuri lilifunguliwa. Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza furaha, lakini sijasoma kilichoeleza harufu ile. Watu walisalimiana upya kama waliorudi safari. Mapakacha yalipandishwa kwa kulabu, meusi, yanatoa moshi, kila mmoja aliita alama yake, "Kijiko! Kijiko cha nani?" na kuondoka nalo mbio, watoto nyuma. Mimi nilisimama nikingoja kipande cha boksi. Hakikutokea.

"Zinjibari, jina lako limekwenda mbinguni," aliniambia Mzee Mahrous. "Ngoja wenzio wamalize. Litakalobaki bila chuma ndilo lako."

Basi nilingoja. Ilipofika saa tatu na robo watu wote walikuwa wamekwenda makwao kula, na Mzee Mahrous naye akaenda. Saa tatu na nusu Ghanim alikuja akikimbia, uso umevimba kwa usingizi. Mama yake, Bi Fakhriya, alikuwa mji wa Al Kamil kwa dada yake, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwamsha. Alama yake ilikuwa mnyororo wa baskeli. Tulilipata lake mara moja.

"Na wewe Maalim, mbona bado uko hapa?"

Nilimweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha aliinuka, akachukua kulabu na kuchokora jivu hadi akaibua pakacha jingine, halina chuma wala karatasi. Tulichungulia shimoni hatukuona lililobaki. Nikasema, ndilo. Alijitwika yote mawili, langu na lake, nami nikafuata nyuma na kulabu begani. Tulifika kwangu saa nne kasorobo.

Nataja saa kwa uhakika kwa sababu redio ilikuwa wazi. Saa nne juu ya alama taarifa ya habari ilianza tukiwa tumekaa mkekani mbele ya sinia, mimi, mke wangu na Ghanim. Nimeambiwa Zuhair alichomwa kisu Sur baina ya saa nne na saa tano. Muda huo wote Ghanim alikuwa mbele yangu, mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kutoka Ibra hadi Sur ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari.

Tulikuwa tumeshakula sana pale mke wangu alipoacha kutafuna.

"Sleyum. Hii si nyama yetu."

Nilimwambia ni ya tanurini, moto umeibadili.

"Moto haugeuzi mbuzi kuwa ng'ombe. Na mimi sikutia siki ya tende."

Tulitazamana watu watatu. Ghanim alikuwa na mfupa mdomoni, hajui autoe au aumalize. Kwanza alicheka yeye, kisha mke wangu, mwisho mimi. Miaka ishirini tangu nitoke kwetu sikuwa nimecheka namna hiyo, nimelala chali, machozi yananitoka. Tulikuwa tumekula shuwa ya watu.

Kicheko kilikatika saa tano na nusu. Tulisikia mwanamke analalamika njiani kwamba pakacha la nyumba yao limeibwa. Baada ya sala ya adhuhuri Mzee Mahrous alisimama mlangoni mwa msikiti akasema aliyelichukua hatatia nyama katika tanuri lile maisha yake. Mtu mmoja karibu yangu akasema, "Tazameni kwa hao waliokuja juzi." Alikusudia sisi, watu wa Unguja na wa bara, ambao tumerudi na bado tunapimwa.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Ghanim anaondoka kwa mlango wa jikoni. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Nilimshika mkono.

"Mwanangu, usimwambie mtu. Mimi ndiye niliyewasomesha watu hawa amana."

"Maalim, wallahi sisemi. Hata wanikate shingo."

Alisema hivyo akicheka, na bado ananuka moshi.

Magharibi habari za Zuhair zilifika. Jumatano tarehe 12 Ghanim alikamatwa. Palikuwa na maneno ya kura, na mtu mmoja wa Sur alisema aliona huko pikapu nyeupe mfano wa ile ya ami yake Ghanim. Ghanim aliulizwa alikuwa wapi Jumamosi asubuhi akajibu Ibra. Alipoulizwa nani alimwona, alinyamaza. Nilijiambia mara mia kwamba muuaji atapatikana kesho, na kwamba haina haja ya mimi kufedheheka kwa nyama. Tarehe 15 nilipoitwa hapa nikasema niliyoyasema. Mke wangu hakusema nami siku nne.

Jana, Ijumaa tarehe 19 Oktoba, saa kumi jioni, Bi Fakhriya alikuja kwangu kutoka kumwona mwanawe. Amekonda. Alikataa kahawa.

"Maalim, huyu mtoto nimemlilia aseme alikuwa na nani, hataki. Kanipa salamu zako tu. Kasema: 'Mwambie Maalim asiwe na wasiwasi, sijasema.' Hajasema nini, Maalim?"

Mke wangu alitoka jikoni akanipa kanzu yangu safi, akavaa buibui lake, akasema tunakwenda polisi. Tulikuta saa za maelezo zimekwisha. Tumerudi leo tangu alfajiri. Yuko nje kwenye benchi anangoja zamu yake, na atasema haya haya, labda kwa ukali zaidi.

Sijui nani aliyemuua Zuhair. Najua asiyemuua. Zuhair nilimpenda kama mtoto wa kumzaa, na mtu akinyongwa kwa ajili yake bila kosa, na huyo ni katibu wake, itakuwa ameuawa mara ya pili. Kosa hilo lingekuwa langu mimi, si la kisu.

Mpaka leo sijui pakacha lile lilikuwa la nani. Namwomba mwenyewe radhi, popote alipo, na niko tayari kumlipa ng'ombe. Tangu nianze kusema haya kifua changu kimekuwa chepesi kama cha mtoto, na namwomba Sajini asiliandike hilo iwapo halihusu.

Nimesomewa yote, nimeyasikia, ni yangu. Hakuna nililoongeza, na safari hii hakuna nililobakisha.

(Saini) Sleyum bin Thuwaini

MAANDISHI YA ASKARI ALIYEPOKEA

Shahidi alisema bila kulazimishwa. Nimeliandika na lile aliloomba nisiliandike. Mkewe, Bi Mahfoudha, ameeleza yale yale peke yake, pamoja na saa na taarifa ya habari.

Ni wajibu wangu kuongeza lifuatalo. Pakacha lililotajwa lilikuwa la nyumba yetu. Siku hiyo nilikuwa zamu. Mama yangu alimtuma mtu tanurini saa tano, akakuta kufuli letu la shaba, ambalo ndilo alama yetu, limeanguka jivuni, na pakacha letu halipo. Mchana mama alikwenda mwenyewe, akapata kwenye pembe ya shimo, chini ya jivu, pakacha lisilo na chuma. Lilikuwa na mbuzi wa karafuu. Alililia letu, kisha tukala hilo, na sisi pia hatukumwambia mtu. Kwa kuwa nahusika, nimekabidhi jalada kwa mkuu wa kituo siku hii hii na kuandikisha maelezo yangu mwenyewe.

Nyongeza, tarehe 30 Oktoba 1984: Ghanim bin Marzouq aliachiwa tarehe 22 na mashitaka dhidi yake yakafutwa. Pikapu nyeupe ilitafutwa upya, ikapatikana katika mji wa Adam pamoja na kisu. Mwenyewe ni mtu aliyekuwa akiwauzia wanafunzi vyeti vya kughushi, ambaye marehemu Zuhair, kwa cheo chake, alimwandikia barua kumfichua. Alifikishwa mahakamani jana. Mama wa marehemu alikuwapo, na Ghanim alikaa karibu naye. Shahidi Sleyum amepewa onyo kwa maelezo yake ya kwanza, hakushitakiwa.

Kuhusu nyama: mama yangu amesamehe na hataki ng'ombe. Ana sharti moja. Anataka kujua Bi Mahfoudha alitia nini, na ameniagiza nisirudi nyumbani bila jibu. Nimemuuliza Bi Mahfoudha mara mbili, mara ya pili nikiwa na sare. Amekataa kusema lolote.

(Saini) Sajini Hamdani bin Musabbah