Kazi ya Mtu Asiyetoa Sauti

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika hadi huku Murusagamba; marahaba. Bibi yako anaanika maharage na anakusalimu.

Unauliza yule kiongozi wa okestra uliyemwona Dar anafanya nini hasa, maana hatoi sauti yoyote. Hata mimi nilijiuliza hivyo nikiwa karani kijana wa parokia. Mzee mmoja Mfaransa, aliyeongoza okestra kwao miaka mingi, alikuja kumtembelea dada yake mtawa, akaifundisha kwaya yetu wimbo. Siku ya kuuimba akashikwa na homa.

"Karani, ongoza wewe," akaniambia kupitia kwa dada yake.

Nilisimama mbele nikiogopa kuuharibu.

"Karani, leo huandiki vyeti vya ubatizo, tutazame sisi!" mama mmoja akanitania.

Nikainua mkono, ukatetemeka. Mwishoni mwa ubeti, sauti zote nazo zikatetemeka.

Kupitia kwa dada yake, nilimweleza Mfaransa yaliyotokea na kumwomba radhi, akacheka. "Sasa umeijua kazi yangu. Wameimba vile ulivyokuwa."

Jumapili iliyopita vijana waliuimba wimbo ule. Mwishoni mwa ubeti wakatetemesha sauti, kwa makini kabisa. Mwalimu wao anasema ndivyo Mfaransa alivyofundisha, nami sijamsahihisha.

Babu yako