Mpita Njia wa Edinburgh

Cissy, shika simu. Mungu anisamehe hasira hii.

Unakumbuka madam alivyompeleka Joha, mwenzangu wa kazi, Edinburgh kutembea na familia? "Leo hakuna kazi, Joha, wewe ni wetu." Joha akambeba mtoto wao Layan mgongoni ngazi zote hadi kwenye ngome. Kwa ajili ya siku ile tu aliahidi kusaini mkataba mwingine wa kazi.

Leo wageni wamejaa, madam anawaonyesha picha za safari ile kwenye televisheni, anajisifu. "Kule nilimlea mtoto mimi mwenyewe, bila msaidizi."

Mgeni akauliza, "Na huyu aliyembeba?"

"Huyo? Mpita njia tu, alitusaidia kwenye ngazi."

Mpita njia! Cissy, mpita njia! Na Joha amesimama palepale anawamiminia kahawa!

Layan akasema, "Mama, si Joha huyo?" Akaambiwa, "Yalla, haya, nenda chumbani."

Joha akaweka birika mezani. "Madam, mkataba sisaini. Khalas, imekwisha." Mbele ya wageni wote!

Sasa anakunja nguo hapa chumbani kwetu. Layan anagonga mlango, anamwita. Joha amenikataza kufungua.