Kinga ya Umeme Uliyotuchagulia

Yuma, 14 Julai

Mwanangu Garrett,

Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakuandikia. Paka hajambo.

Kinga ya umeme uliyotuchagulia kwa ajili ya gari letu la kuishi inafanya kazi yake sawasawa. Kila adhuhuri kambi nzima ya magari haya huwasha viyoyozi, umeme hupungua, nayo huukata ili vyombo visiungue. Mashine ya oksijeni ya baba yako huzimika pia.

"Ichomoe hiyo kinga, Bi Lorene!" jirani yetu Delbert alinifokea jana. "Unalinda friji au mzee?"

Lakini mashine ikiungua kwa kukosa kinga, hatuna nyingine.

Leo kinga nimeichomoa, nikairudisha, nikaichomoa tena. Baba yako pumzi ya kunishauri hana.

Sijazoea kuomba. Nijibu.

Mama yako,
Lorene