Mtamba wa Shangazi na Gitaa la Henrik

Jumanne, 9 Agosti 1977

Asubuhi majani ya ng'ombe, mchana magunia ya kahawa, jioni besi. Siku kama jana. Mama bado yuko Arusha kwa dada aliyejifungua, kwa hiyo ng'ombe wote wawili ni juu yangu: yule mkubwa na mtamba wake. Nimeteremka mjini kutoka Uru nikiwa na samadi kwenye kiatu. Karani mwenzangu akanusa, akacheka. Nikacheka naye. Sikufurahi.

Mazoezi ukumbi wa kiwanda. Evarist kwenye dramu, mimi besi, kama kawaida. Besi ya kiwanda ni takataka. Waya mmoja umeungwa kwa fundo. Ukiigonga kwa nguvu inakoroma kama mzee mwenye mafua. Katibu wa chama akiwepo tunapiga nyimbo za kilimo. Akiondoka tunapiga muziki mzito, ule wa kaseti za Henrik, mpaka vioo vinatetemeka.

Henrik, yule Mzungu fundi mitambo anayekaa Shirimatunda, anarudi kwao mwisho wa mwezi. Anauza vitu. Kaniambia nipite Jumamosi, ana kitu hajawahi kunionyesha.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimeliona.

Gitaa la besi, la umeme. Limechongwa kwa mkono, mbao za rangi tatu zimegandishwa pamoja, na shingo haikuunganishwa bali imepita katikati ya mwili mpaka mwisho. Zito. Ukilivaa bega linajua. Mgongoni kuna kifuniko kidogo, ndani yake betri mbili za mraba. Lina mtambo wake lenyewe wa kukuza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Henrik anasema yametengenezwa machache sana na kwamba hata kwao watu huyaona kwenye picha tu. Nilipiga waya mmoja, ule mnene. Sauti ilipita kwenye sakafu, ikapanda miguuni, ikakaa tumboni.

Ametaja bei. Ni bei ya ng'ombe mzuri. Alicheka alipoisema, akidhani anatania tu. Kuna mtu wa Arusha analitaka pia. Amenipa wiki moja.

Nimepanda mlima hadi nyumbani bila kusikia njia.

Jumapili, 14 Agosti

Baada ya misa nilipita kwa shangazi Aloisia, dada wa marehemu baba. Nilimkuta anakandika zizi. Tangu mumewe afe zizi lile halina kitu. Alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko na anaimba.

Niandike jambo hili waziwazi ili baadaye nisijifanye sikulijua. Ng'ombe wetu si wetu. Shangazi alimweka kwa baba nilipokuwa mdogo. Sisi tunakata majani, tunapata maziwa na samadi. Ng'ombe ni wake na kila ndama ni wake. Maziwa ya ng'ombe huyo yamenikuza. Mtamba atarudi kwake baada ya Krismasi. Ndiyo maana anakandika zizi.

Akanipa mbege, pombe yetu ya ndizi. Akaniuliza mtamba anakula vizuri? Nikasema ndiyo, shangazi, anakula sana.

Nilikuwa nawaza gitaa. Nilikunywa mbege yake nikiwaza gitaa.

Jumamosi, 20 Agosti

Nimemuuza.

Majirani walioniuliza niliwaambia nampeleka kwa dume huko tambarare. Hakuna aliyeshangaa. Mtamba kazaliwa ndani, kakulia ndani, hajawahi kupita ua wetu. Jua lilimchoma macho akasimama anapepesa. Kwato zake ni laini. Kila baada ya hatua chache alisimama, akanitazama. Nilitembea mbele nikiwa nimeshika kamba ili nisimwone. Chini nilipata lori mpaka mnadani Bomang'ombe. Mfanyabiashara wa Arusha alimshika nyonga, akasema huyu katunzwa. Nikasema ndiyo.

Saa kumi jioni nilikuwa Shirimatunda. Henrik akalifuta gitaa kwa kitambaa, akanikabidhi pamoja na kasha lake na betri za akiba. Alinishika mkono kwa nguvu. Alisema anafurahi limepata mtu anayelipenda.

Ng'ombe mkubwa analia zizini. Amelia tangu nirudi.

Jumapili, 21 Agosti

Nilikwenda kwa shangazi na uongo wangu umepangwa vizuri. Nilimpeleka mtamba kwa dume, nikasema, huko akala majani mabichi, akavimba tumbo, akafa. Bwana mifugo akakataza nyama isiliwe, tukamzika.

Shangazi aliketi. Hakulia. Akaniuliza kitu kimoja tu: na ngozi?

Mjinga mimi! Nilifikiria kila kitu isipokuwa hicho. Ng'ombe uliyewekewa akifa, unampelekea mwenyewe ngozi, aone kwa macho yake. Kila mtoto wa Uru anajua. Baba alishanichukua kupeleka ngozi ya namna hiyo nikiwa na miaka saba, nimebeba mkia.

Nikasema inakauka, shangazi. Nitaileta.

Jumatano, 24 Agosti

Nimetoroka kazini, nimerudi Bomang'ombe. Kwa wachinjaji ngozi zimepangwa kama magunia. Nilitafuta rangi ile ile ya mtamba, kijivu yenye doa jeupe karibu na mkia. Nimeipata moja, imekunjwa, imekauka. Sikuikunjua yote. Mchinjaji aliniangalia, nikaogopa atauliza ya nini. Hakuuliza. Anayejali ni nani?

Haina kichwa, kwa hiyo haina masikio. Shangazi aliukata kidogo ukingo wa sikio la mtamba siku ile alipozaliwa. Nilijiona mwerevu kulikumbuka hilo. Mwerevu!

Jumapili, 28 Agosti

Nimeipeleka. Shangazi alipokea kwa mikono miwili. "Aika, baba," akasema. Asante. Akaikunjua nusu, akapitisha kiganja taratibu, akaikunja tena. Akanipa ndizi na maharage, nikala zote kwa sababu sikujua la kufanya na mdomo wangu.

Zizi limeshakauka. Limekandikwa vizuri kuliko nyumba yetu.

Jumamosi, 3 Septemba

Bugi, dansi la mchana ukumbini. Katibu alikuwa na mkutano, hakuja. Tulianza na nyimbo za kawaida, kisha Evarist akanikonyeza. Nikafungulia sauti ya gitaa mpaka mwisho.

Siwezi kudanganya hapa. Ilikuwa furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Lile gitaa halikoromi. Linasukuma. Vijana wa kiwandani waliacha kucheza, wakasimama, wakasogea mbele mpaka kwenye spika na kuweka viganja juu yake. Msichana mmoja aliziba masikio, anacheka. Evarist alivunja fimbo ya dramu. Kwa muda wa nyimbo tatu sikuwa karani wala mtoto wa mtu.

Baada ya hapo wakanizunguka: Boni, umelipata wapi? Nikasema nimeweka akiba. Evarist peke yake hakuuliza. Anajua mshahara wangu, tunapanga foleni dirisha moja.

Jumapili, 4 Septemba

Shangazi alinikaribisha uani. Kila siku huwa ananipa kigoda cha marehemu mumewe. Leo alitandika ngozi chini, akasema, kaa hapo baba, ni yako hiyo, wewe ndiye uliyehangaika nayo.

Nikakaa. Nikatazama chini. Kando ya paja langu kuna chapa ya moto. Duara, na ndani yake mistari miwili.

Ng'ombe wetu hawapigwi chapa. Wanaishi ndani na sisi, tunawaita kwa majina, nani atachanganya wake na wa jirani? Chapa ni ya ng'ombe wa ranchi, wa tambarare, wanaotembea kwa mamia. Mtu yeyote wa Uru akiona ngozi ile anajua haijawahi kulala kwenye zizi la mlimani. Niliinunua imekunjwa.

Alikuwa ameitandika chapa ikiwa juu. Alijua tangu siku ile alipopitisha kiganja.

Alizungumza habari za kahawa, mvua, na padri mpya. Mimi nilikaa juu ya uongo wangu kama mgeni wa heshima. Masikio yalikuwa yanawaka. Nilipoaga aliniambia nije tena Jumapili.

Jumatatu, 5 Septemba

Sikwenda mazoezi. Nimesema naumwa. Sikudanganya sana.

Alhamisi, 8 Septemba

Barua ya mama, kwa mwandiko wa dada. Nainakili sehemu hii nisije nikaipunguza makali: "Shangazi yako ameniandikia. Anasema mtamba aliugua ghafla na wewe ulihangaika naye mpaka mwisho, tena ngozi ukampelekea kama inavyotakiwa. Ameniomba nisikugombeze. Mshukuru Mungu kwa kuwa na shangazi kama huyo."

Kwa hiyo sasa na yeye amedanganya. Mwanamke anayeungama kila mwezi kwa sababu ya kumkasirikia kuku. Amedanganya kwa ajili yangu, kwa mama yangu, kwa maandishi.

Afadhali angenipiga. Afadhali angeniita mwizi mbele ya kanisa. Najidharau. Nimeandika neno hilo nikalikata nikaliandika tena.

Jumamosi, 10 Septemba

Nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chetu cha migomba, refu, bichi. Nikalifunga fundo. Ilipaswa mzee anisindikize, ndivyo watu wanavyokwenda kuomba msamaha. Lakini mzee angeuliza kosa, na shangazi amejitahidi sana kulificha. Nikaenda peke yangu, saa nne asubuhi, jani mkononi, kila niliyepishana naye akiliona. Wakanipisha.

Nilipiga magoti mlangoni. Nilisema yote. Mnada, Henrik, mchinjaji. Nilisema nitaliuza gitaa Jumatatu.

Isale haikataliwi. Lakini hakuna sheria inayosema ipokewe haraka. Alinitazama muda mrefu, magoti yakaanza kuuma, na nilifurahi yanauma. Kisha akalichukua.

"Nilikuwa nangoja ulilete mwenyewe," akasema.

Halafu akaniambia nisiliuze. Nililete kwake. Sikuelewa. Akaeleza polepole, kama anayemfundisha mtoto: mimi nilikuwekea ng'ombe wangu, sasa wewe niwekee gitaa lako. Siku mtamba mwingine atakapoingia zizini humu, gitaa litatoka.

Jioni nililipandisha mlimani na kasha lake. Akataka kulisikia. Kwake hakuna umeme. Niligonga ule waya mnene, ukatoa sauti ndogo, ya mbao tu. Akaweka sikio kwenye mwili wa gitaa akasikiliza mpaka ikaisha. Akauliza, "Ni hiyo tu?"

Nikasema ni hiyo, shangazi.

Jumatano, 14 Septemba

Nimerudi kwenye besi ya kiwanda, ya fundo. Evarist kauliza gitaa liko wapi. Nikamwambia ukweli, wote, yeye wa kwanza baada ya shangazi. Alikaza ngozi ya dramu, akasema tuanze. Nimeomba kazi ya ziada ya kupakia magunia. Kufikisha bei ya mtamba kutachukua muda mrefu. Zaidi ya mwaka.

Jumapili, 25 Septemba

Mama amerudi. Nimemwambia. Hakuongea nami siku mbili, leo amenipa chai.

Baada ya misa nilipita kwa shangazi. Shikamoo, marahaba. Alinitolea kigoda. Nilikikalia ukingoni tu.

Niliomba kuchungulia zizini. Amemwaga majani makavu ya migomba, safi, ya leo. Gitaa limelala juu yake mahali ambapo ng'ombe angelala. Amelifunika kwa ile ngozi, kwa ajili ya unyevu, amesema. Chapa iko juu.

Nikarudi nyumbani kwa njia ya chini, nikakata majani ya ng'ombe mkubwa.