Ng'oa Hata Makemba ya Kitovu

Kisangani, Mangobo

Veronika, mudogo wangu, uliyenifuata ndani ya tumbo la mama,

Umeamukaje? Goti lako linakunjika sasa, ao bado unapanda kitanda kama mbuzi anayepandishwa mutumbwi? Na mume wako, kile kikohozi kimemwacha? Mimi niko. Nyonga inauma na macho yamechoka, lakini mudomo uko muzima, unanijua. Anayeshika kalamu ni Nathalie, muke wa mutoto wangu. Nimemwambia aandike maneno vile yanatoka, asiongeze sukari.

Barua yako aliileta kwa mashua yule mwenye baleinière. Nathalie alinisomea mara mbili. Unasema: "Yaya, dada yangu mukubwa, makemba uliyonitumia yamekataa kuzaa. Nimeng'oa yote, lakini ugonjwa umerudi. Nitumie mengine."

Hapana. Sitatuma hata mugomba mumoja. Keti chini nikwambie.

Wale watoto wa makemba niliwachagua mimi mwenyewe, mwaka juzi, kwa mukono huu. Ulikuwa umelia kwamba ya nyumbani yamechoka, mikungu imekuwa midogo. Nikaingia mu shamba langu ng'ambo ya muto Tshopo kutafuta machipukizi mazuri. Niliona mengine majani yake ni membamba, yamesimama wima, yamebanana juu kama ufagio. Nikasema, haya yana nguvu, tazama vile yanasimama! Tena ni mafupi, yanaingia vizuri mu kikapu. Nikayakata majani kama mama alivyotufundisha, yasinyauke mu njia mpaka Isangi, na kule kupanda muto Lomami mpaka kwenu. Donc wewe ulipokea vichwa vya mizizi tu. Alama ya ugonjwa niliitupa mimi hapa, nikiimba.

Kisha shamba langu likaanza kufa. Shina moja, mawili, mustari muzima. Majani madogo, kingo za manjano, mukungu hakuna. Nilitia majivu, nilitia mavi ya mbuzi, nilitukana. Siku moja akapita agronome, mutaalamu wa mashamba, mama mumoja mufupi mwenye boti za mpira. Akafungua ganda la shina, chini kabisa karibu na udongo, akaniita. Nikaona vidudu vyeusi, vidogo kama vumbi la makala ya jikoni, vimejazana, na sisimizi wanapita juu yao kama wachungaji.

"Hawa ndio wanabeba ugonjwa," akasema. "Mududu ananyonya shina gonjwa, anaruka, ananyonya lingine. Na mutu naye anabeba, akihamisha mutoto wa shina gonjwa."

"Dawa iko?"

"Haiko, mama. Ni virusi. Ni kung'oa tu."

"Hata kwa wazungu?"

"Hata kwa wazungu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Alors, wewe ulimupa nani watoto wa shamba hili?"

Veronika, nilitaja jina lako. Mimi! Muulize Nathalie, alikuwepo.

Bon. Nije kwa neno lenyewe. Unasema umeng'oa yote. Muongo wewe. Mwenye baleinière amekula kwako, ameona. Makemba ya kitovu yamesimama nyuma ya jikoni, yote, na majani yake yamebanana juu. Ndiyo maana ugonjwa unarudi. Vile vidudu vinakaa pale, vinanona, vinaenda kwa majirani.

Najua sababu. Na mimi nilizaliwa pale. Kila mutoto wa nyumba yetu, kitovu chake kikianguka, bibi anakizika na kupanda shina juu yake, na panga haligusi shina lile. Likizaa mara ya kwanza, tunatwanga ndizi zake kuwa lituma, watoto wa majirani wote wanakula mu sahani moja. Langu liko pale tangu sina meno. Lako linaligusa. Na la Paulina liko pale.

Ulimuzika binti yako akiwa bado anaogopa kuku. Picha yake haiko hata moja. Najua unaenda kusimama pale kila asubuhi, unamupa habari. Hakuna aliyeniambia. Mimi ni yaya yako. Na kama ugonjwa ungekuwa wa shina lile peke yake, ningesema liache, muzeeke pamoja. Lakini muke wa katekista ana watoto sita, na shamba lake linapakana na lako. Atawalisha nini, machozi yako?

Nathalie anasema, "Mama, hilo ni kali." Nimemujibu: andika.

Fanya hivi. Usishike panga kwanza. Mwaga maji ya sabuni katikati ya majani na ndani ya maganda, vidudu vife, la sivyo vitaruka. Ndipo ukate. Chimba kichwa chake chote mu udongo, jicho kwa jicho, ukikatekate, ukianike kwenye jua mpaka kikauke, uchome. Ukiacha jicho moja linalochipua umeacha shamba zima. Anza na langu. Usilie kwa langu, mimi niko hai na ninatukana. Kisha lako. La Paulina liwe la mwisho, na usilikate peke yako.

Sikudanganyi kwamba itatosha. Mimi niling'oa yangu yote, na ya jirani yalikufa vilevile. Pengine na kwenu mumechelewa. Muhogo nao huku umeshikwa na ugonjwa wake, majani yamejikunja, yana mabaka, na huo wanasema unaletwa na mududu, mweupe huyo. Mimi na wewe hatutaona tena mukungu nyuma ya jikoni lile. Ng'oa hivyo hivyo.

Kisha uende kwa wote uliowagawia. Uligawa, najua, kwetu nani anamunyima mutu mutoto wa likemba? Waambie yametoka kwangu. Wanitukane kwa jina langu, si lako. Ningekuja nisikie matusi mwenyewe, lakini nyonga hii haiwezi tena mbao za baleinière siku zile zote.

Salimu shemeji yangu, mume wako. Siku ya shina la Paulina ashike jembe, asijifanye anakohoa. Salimu muke wa katekista, umwombe radhi kwa ajili yangu kabla hujamusalimu. Salimu tonton Lokuli, ndugu ya mama. Yeye mumwambie likiwa limeshaanguka lake, maana ataketi pale chini akatae kuondoka.

Na neno lingine, nilitaka kulificha. Utakapochimba utatafuta kitu mu udongo. Usitafute. Hapa nilikuwa nimepanda makemba ya kitovu ya wajukuu wangu wanne, na nilipoyang'oa nilipekua kwa vidole, shimo kwa shimo, Nathalie ananivuta nguo, "Mama, twende." Ni udongo tu, Veronika. Ni udongo tu.

Ni mimi yaya yako,
Anjelina