Mjomba, Hatukufuzu

Mjomba Wafula,

Najua hukupenda kuwekwa roho juu. Nilipokuwa msichana wa shule, ukirudi kutoka safari za kazi hata kabla hujaweka begi chini ulikuwa unaniuliza, "Redio imesema nini?" Basi nisikuzungushe. Tulicheza na Kanada, tukapigwa, na tulipigwa vibaya. Hatukufuzu. Kombe la Dunia la raga ya watu kumi na watano tutaendelea kulichungulia kutoka nje ya ua, kama tulivyozoea.

Nimechelewa kukwambia. Mungu alikuchukua Septemba, mechi ikachezwa Novemba, na sasa theluji imefunika magari hapa Jane na Finch, mtaa wetu wa Toronto, ndipo naandika. Kila nikikaa niandike nachoka. Si uchovu wa kazi, ingawa huo nao upo. Unajua kazi yangu ya kulea wazee, ya kuinua watu wazima kutoka kitandani hadi kitini siku nzima. Huu mwingine ni uchovu wa kutumaini. Naandika barua hii wazi, anayetaka asome, kwa sababu wapo wengi walioishi na timu hii kama sisi, na huenda nao wamechoka.

Ugonjwa huu wa raga uliniambukiza wewe. Mama alikuwa akifua nguo Jumamosi, wewe unakuja kunichukua kwenda uwanjani Nakuru, naye anakwambia, "Umrudishe akiwa mzima." Ulikuwa propu, mmoja wa wale wanene wanaosimama mstari wa mbele wa skramu, wanasukumana na wenzao vichwa vikiwa vimeingiliana, huku masikio yako yamevimba kama mandazi. Nilikuwa nikifuata mpira kwa macho, nikiwashangilia wale wa pembeni wenye mbio. Ukitoka uwanjani unahema, matope mpaka puani, unaniuliza, "Umeona skramu ya pili?" Sikuwa nimeiona. "Waangalie wanaosukuma," ukaniambia. "Hao wengine utawasoma kwenye gazeti."

Ndiyo maana hukuwahi kuiamini kabisa raga ya watu saba, ingawa ndiyo iliyotupa jina. Uliiita juisi ya miwa. Tamu, lakini huwezi kuishi nayo. Ulitaka kuona kitu kimoja tu kabla hujafa, na ulikisema mpaka mke wako akawa anakimalizia kwa niaba yako: Wakenya kumi na watano wakiimba wimbo wa taifa kwenye Kombe la Dunia. Hukutaka hata washinde. "Waimbe tu," ulisema, "halafu wapigwe, nami nitalala."

Nilipofika Toronto mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipanga na wasichana wenzangu chumba juu kabisa kwenye yale maghorofa ya St. James Town, na nikagundua kwamba nimehamia mji usiojua skramu ni nini. Huku watu huzungumza hoki ya barafu kuanzia kwenye basi hadi kanisani. Nikimwambia mtu kazini napenda raga, ananitazama kana kwamba nimesema napenda kupanda paa. Nikawa nanunua kadi za simu kwenye duka la chini, nakupigia, unanisimulia mechi nzima, na wewe ulikuwa msimulizi mbaya sana, Mjomba. Ulikuwa ukifika kwenye skramu unakaa hapo, kadi inaisha, sijui nani ameshinda.

Halafu nikapata kompyuta, na tukaanza kutazama pamoja. Wewe kwenye televisheni yako Nakuru, mimi kwenye kompyuta yenye picha ya kukwamakwama, simu katikati yetu ikiwa imefunguliwa sauti. Shida ilikuwa moja: picha yako ilitangulia. Yangu ilichelewa kidogo, muda wa mtu kumimina chai na kuweka sukari. Mara ya kwanza ulipiga kelele "Traaai!", yaani tumeshafunga, nami naona mpira ungali umelala kwenye nyasi. Nikakasirika. Ukaniahidi, kwa sauti ya mtu anayeapa mahakamani, kwamba hutanitangulia tena.

Ulijitahidi. Lakini Mjomba, hukujua kuficha kitu. Vijana wetu wakikaribia kufunga, na wewe umeshaona wamefunga, ulikuwa unakohoa. Kikohozi kikavu cha kujikaza, cha mtu mwenye furaha iliyomkwama kooni. Na wakiwa karibu kufungwa, ulikuwa unaniuliza habari za hali ya hewa. "Huko baridi ikoje?" Ulidhani unanipumbaza. Mwaka ule wa 2009, Kombe la Dunia la watu saba kule Dubai, tulipowapiga Fiji kwenye robo fainali, ulikohoa mpaka mke wako akakuletea maji. Nami huku nimekaa na chai yangu ya asubuhi, nakohoa nawe, nacheka, nalia. Kisha ikaja nusu fainali na Ajentina. Uliniuliza habari za baridi mara mbili, nami mara mbili nikakujibu, "Ipo, lakini tumezoea." Hatukupata hata pointi moja siku ile.

Sikuwahi kukwambia kwamba nimeshajua siri yako. Nilikuwa napenda kujua mapema kidogo, kutoka kwako. Mtu akipigwa huku ameshaandaliwa hasikii uchungu uleule.

Binti yangu Nekesa alikulia katikati ya sauti hizo. Alikuwa anatambaa chini ya meza wakati tunabishana wewe na mimi kama Wafiji wangekuwa na pesa wangemwachia nani kombe. Wewe ulisema hawangemwachia mtu. Ulisema Fiji huzaa wachezaji na matajiri huwavalisha jezi zao. Ulisema mataifa makubwa ya raga yanaalikana yenyewe kwa yenyewe kila mwaka, halafu miaka minne ikifika yanashangaa mbona wadogo hawakui. Nami bado nasema hivyo. Mtoto hawezi kujua kuogelea kwa kuitwa mtoni mara moja kila miaka minne.

Lakini ulipofurahi, ulifurahi kweli. Wajapani walipowaangusha Afrika Kusini mwaka 2015, ulinipigia wewe, jambo ambalo hukulizoea. "Mpwa, umewaona? Walipewa penalti mwishoni! Wangepiga mkwaju wapate sare waende zao. Wamechagua skramu!" Ukarudia, "Skramu, mama!" Nilikuwa kituo cha basi, watu wakinitazama, na sikujali. Na asubuhi ile vijana wetu walipochukua kombe Singapore mwaka uliofuata, tena kwa kuwapiga Fiji hao hao, ulikohoa toka mwanzo hadi mwisho, ukasahau kwamba ulikuwa unaficha. Hata juisi ya miwa ulikunywa siku ile. Mwaka mmoja baadaye Kanada nao wakachukua kombe papo hapo Singapore, na mtoto wangu akaruka juu ya kochi.

Ndipo nilipokuletea mashtaka. Nilikwambia, Mjomba, Nekesa anashangilia Kanada. Ameanza kucheza raga shuleni, wamempanga propu kama wewe, amevaa nyekundu, na kila nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Nilitaka ukasirike nami. Ulicheka. "Mwache ashangilie kwao. Wewe mwenyewe umezaliwa Webuye na unashangilia Nakuru." Kisha ukaniomba nimpe simu, ukamweleza kwa Kiswahili namna ya kuweka mgongo kwenye skramu, naye akawa anajibu, "Okay, Uncle. Like this? Okay." Mligongana lugha nusu saa na mkaelewana kila kitu. Mimi nikabaki nimesimama na mwiko.

Kisha Machi mwaka jana. Vijana wetu wa watu saba walikuja kucheza Vancouver, ukaniambia, "Si wako hapo kwenu? Pitia uwasalimie." Nikakueleza tena kwamba kutoka kwangu hadi Vancouver ni mbali kuliko Nakuru hadi Johannesburg. Ukasema Wazungu wameifanya nchi hii kubwa bila sababu. Walifika fainali, na mpinzani alikuwa nani kama si Fiji. Uliamka alfajiri utazame nami.

Ulikohoa, Mjomba. Mpira ulipoanza tu, ulikohoa, nami nikasogea mbele ya kiti. Hakuna kitu. Ukakohoa tena, kwa nguvu, nikasimama kabisa, nikamwita Nekesa aje aone. Wafiji wakafunga. Ukakohoa fainali nzima, nami nikangoja trai baada ya trai, na nyingi hazikuja. Hukuniuliza habari za baridi hata mara moja. Hukuwa na pumzi ya kuuliza. Tulikuwa bado tunacheza nilipoelewa kwamba kikohozi kile hakikuwa cha raga. Nekesa naye alielewa. Aliniambia, "Mum, he's not okay," akachukua simu akapunguza sauti ya mechi.

Mapafu, walisema daktari wako na mke wako, kila mtu kwa maneno yake. Ulipigana nayo kama ulivyokuwa unasukuma, bila kelele. Agosti tulipopigwa na Namibia ulinituliza wewe mgonjwa: "Bado kuna mlango mmoja. Novemba, Ufaransa. Timu nne, nafasi moja. Na Kanada wamo, mwambie mtoto ajiandae." Ulikuwa na hakika ya kuifikia Novemba. Mazishi yako niliyaona kwenye simu ya binamu, picha ikikwama kila udongo ulipotupwa, na hakukuwa na mtu wa kunitangulia.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua siitazami ile mechi. Nilisema moyoni, imekwisha, ilikuwa yangu na Mjomba, na mmoja hayupo. Asubuhi ile ilikuwa Jumapili, siku ambayo watu hapa huvaa ua jekundu kifuani kuwakumbuka askari wao. Nikavaa nguo za kanisani. Nilipotoka chumbani, Nekesa alikuwa ameshaweka kompyuta mezani, ameshachemsha chai ya maziwa, na amevaa jezi yake nyekundu ya shule. Simu yake alikuwa ameisimamisha kwenye kopo la sukari, mahali pale pale ilipokuwa inakaa yangu. Nikakaa na koti langu mwilini, nikimwambia nitaangalia kidogo tu.

Walianza kutufunga mapema. Simu ya Nekesa ilikuwa inaleta pointi kabla ya picha, na mara ya kwanza alipiga kelele "Yes!" wakati mimi naona vijana wetu wangali na mpira. Mara ya pili hivyo hivyo. Sikumlaumu, wewe ulishamruhusu. Lakini nilikuwa nimejikunja ndani ya koti, nikijiambia kwamba sasa ndivyo itakavyokuwa: mechi za kwetu nitazitazama nyumbani kwangu kama mgeni.

Alinitazama. Kisha akageuza simu yake upande wake peke yake.

Baadaye kidogo kijana wetu mmoja alivunja ukuta wao, akaondoka na mpira, mbele yake nyasi tupu. Nilishika ukingo wa meza. Nekesa aliangalia simu. Kisha akasema, polepole, kwa Kiswahili chake kinachotembea kama mtu asiye na viatu, "Mama... huko baridi ikoje?"

Kwenye picha kijana wetu alikuwa bado anakimbia, kila kitu bado kizuri, nami nilikuwa nimeshajua. Mpira ukamponyoka. Wekundu wakauokota wakaenda nao mpaka mwisho. Nikasikia sauti yangu inasema, "Ipo, lakini tumezoea."

Aliniuliza habari za baridi mara nyingi asubuhi ile, Mjomba. Tulifungwa mno, sikufichi. Zilibaki mechi mbili, lakini kufikia mapumziko nilijua mlango wako ule wa mwisho umeshafungwa, nikavua koti, kwa kuwa kanisa lilikuwa limeshanipita na kutoka nisingetoka tena. Nimechoka na timu yetu inayokusanyika dakika za mwisho, nimechoka na wakubwa wasiotualika, nimechoka kusema mwaka wa 2023 kana kwamba ni kesho. Huenda nami nitaondoka kabla ya kuwasikia wakiimba. Hilo nimelikubali, na kulikubali hakukunipunguzia uchovu.

Lakini kuna jambo moja lililonikalisha niandike. Kipindi cha pili, mechi imeshaharibika, hakuna anayetutegemea tena kwa lolote, vijana wetu walikuwa wanasukuma karibu na mstari wa Kanada. Wanasukuma tu, wale wanene, hatua moja moja. Nilikuwa nawaangalia wao kama ulivyonifundisha. Nekesa akatupia simu yake jicho. Akaziba mdomo kwa mkono wa ile jezi nyekundu.

Kisha akakohoa.

Mpwa wako asiyejua kuacha,
Mama Nekesa