Mukaba wa Bobi

Kindu, 14 Mei 1974

Yaya Odile,

Hapa mupunga umeiva, na mutoto ameota meno mawili.

Unajua bwana yangu Zéphirin alimushonea Bobi, mbwa wetu, mukaba wa shingo wenye kamashine. Bobi akiwa karibu, redio yetu inalia. Akienda mbali kupita soko, inanyamaza, tunaenda kumutafuta. Maaskari wakasikia, eti anatuma siri! Wiki iliyopita walimuchukua Zéphirin pamoja na ule mukaba. Wananiambia: “Citoyenne, bwana yako iko Kisangani.”

Lakini redio ingali inalia, yaya, na Bobi amelala hapa mulangoni, shingo tupu. Nisadiki wakubwa ao nisadiki redio?

Tangu jana mulio unafifia. Sijui njo wanamupeleka mbali, ao njo betri inaisha.

Mudogo wako,
Claudine